Homa ya Ambrosi

Mimi ni Somoe, Mama Shamila, muuza kahawa wa nyuma ya soko la Newala. Kabla hamjaanza kuninyooshea vidole nasema mwenyewe: benchi ni langu, birika ni langu, na uongo wa Jumanne ile, nusu yake ilikuwa yangu. Benchi lenyewe liko kati ya foleni ya madumu ya maji na duka la pembejeo, kwa hiyo wanaume wangu hawapitwi na jambo. Jumanne hiyo walikuwa watatu. Suleimani, fundi simu, tunamwita Setilaiti maana habari zote zinamfikia yeye kwanza. Christopher, mpulizaji wa mikorosho, huyo ni Mkemia, kila ugonjwa kwake unaanzia kwenye salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Na Mzee Anselmo, karani mstaafu, anakumbuka kila mkubwa alisema nini, tarehe ngapi, saa ngapi. Huyo ni Hansadi, kama kile kitabu cha kumbukumbu za Bunge. Nafasi ya nne ilikuwa wazi. Ni ya Ambrosi wa Mnyambe, na Ambrosi alikuwa hospitali tangu Jumamosi, chumba cha peke yake, macho ya njano, anaonwa na mkewe Josephina tu, tena kupitia dirishani.

Na nyumbani kwangu Shamila alikuwa ameamka na homa. Nilimpa panado, nikamwambia ni malaria hiyo mwanangu, lala. Kisha nikabeba birika nikaja kazini. Hilo wanaume hawakulijua.

Sasa niseme na la Jumapili, msije mkapotea. Jumapili ya wiki iliyotangulia tulikwenda Mnyambe kumsaidia Ambrosi kusafisha chini ya mikorosho. Tulipochoma majani wakatoka samaki nchanga. Kwa msiojua, hao ni panya wa shamba. Huku kwetu ndilo jina lao la heshima. Wakachomwa, wakaliwa na ugali wa muhogo, na waliokula walikula. Mimi ni Mwislamu, sikula, nilichochea moto. Shamila naye hakula, lakini ndiye aliyewapasua wote na kuwatoa matumbo. Shamila anabangua korosho za watu, vidole vyake vimechubuliwa na yale mafuta ya ganda, nyama nje. Tangu alfajiri ile nilikuwa naviona vile vidole kila nikifumba macho.

– Ni salfa, alisema Mkemia, hata kikombe hajakishika. Mnajisumbua bure. Mtu amepuliza mikorosho miaka ishirini, bomba mgongoni, vumbi lote puani. Salfa ni ya njano. Macho ya Ambrosi ni ya njano. Mnataka ushahidi gani tena?

– Na panya waliokutwa wamekufa Mnyambe? nikamuuliza.

– Salfa.

– Na homa?

– Salfa inachemka mwilini, Mama Shamila. Hujawahi kuiacha juani?

– Nimeiacha. Haichemki.

– Hukuiacha siku nyingi.

Huyu huyu ndiye aliyemwambia Ambrosi anywe maziwa, kukata sumu. Ambrosi akanywa maziwa siku tatu, anatapika, anaongezewa, na Mkemia anamletea mengine kwa pikipiki. Siku tatu! Nikizikumbuka natamani kummwagia mtu kahawa ya moto.

Setilaiti alicheka mpaka kofia ikamkaa upande.

– Wewe na salfa yako! Nyie hamkuiona ile ndege ndogo isiyo na rubani? Mwezi wa tano ilipita juu ya mashamba. Wakasema inahesabu mikorosho. Mikorosho inahesabiwa kwa miguu tangu enzi za babu yangu. Ile ilikuwa inamwaga.

– Inamwaga nini?

– Ningejua ningekuwa bado natengeneza simu? Sikilizeni. Wale wageni wa jana waliokuja kuchunguza ugonjwa, fulana zao mgongoni zimeandikwa nini? Dunia Tayari. Tayari kwa nini? Mtu hawezi kuwa tayari kwa kitu asichokijua. Kwa hiyo wanakijua. Kwa hiyo ni chao. Kule kwao kuna chumba, ukuta mzima ni ramani, na Newala ni taa nyekundu. Jamaa amekaa na chai yake, anabonyeza, anaangalia saa. Anasema haya, tuone Newala watachukua siku ngapi.

– Na tumechukua ngapi? Mkemia aliuliza. Salfa ilikuwa imeshamtoka kichwani.

– Sijapata hesabu kamili. Ila tuko mbele ya Masasi.

Hilo lilimfurahisha hata mwenye dumu aliyekuwa anasikiliza kwenye foleni. Kuwapita jirani zetu Masasi, hata kwa ugonjwa, si jambo dogo.

Hansadi akakohoa. Akikohoa vile anaomba nafasi, na usipompa anakohoa mpaka jioni.

– Sema, mzee.

– Ahsante. Mwaka juzi, tarehe kumi na nne mwezi wa nane, saa nne kasorobo asubuhi, walikuja watafiti. Tulipanga foleni. Chupa mbili za damu kila mtu. Nikasimama mbele ya watu nikauliza, majibu lini? Wakasema wiki mbili. Ninayo kwenye daftari. Leo inakaribia wiki ya mia.

– Mia!

– Damu yangu imepanda ndege. Mimi mwenyewe sijafika hata Songea. Damu yangu iko kwenye friji, umeme haukatiki hata dakika moja, na mimi ninayeitengeneza nakatiwa kila jioni. Mnajua wanatafuta nini? Wanataka kujua kwa nini watu wa huku hatufi. Tunakunywa maji ya paa yaliyokaa kisimani miezi sita, mjusi ndani, na asubuhi tunapandisha mlima na dumu kichwani. Damu ya namna hiyo haipatikani popote. Wakishaijua siri yake watatengeneza sindano. Sindano ya Newala! Dunia nzima itachomwa.

– Na sisi? akauliza Setilaiti.

– Sisi tutaambiwa tusubiri.

Tulicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Sindano ilikuwa ya kwake mzee, lakini kusubiri tunakujua sote.

Hapo na mimi nikashindwa kunyamaza. Jana yake nilikwenda kumwona Josephina, nikawakuta wale wageni uani kwake, mavazi meupe mpaka usoni, watoto wanalia wakidhani ni kifo chenyewe kimekuja na gari. Josephina akapewa karatasi yenye picha ya mikono chini ya bomba: nawa kwa maji tiririka. Nikawauliza, yanatiririka wapi? Maji ya bomba kutoka Kitangari hayajaonekana wiki ya pili sasa, hata zahanati wanachota kwa kata. Mmoja akaandika, sijui aliandika nini. Na dereva wao, amejiegemeza kwenye gari na simu mkononi, akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: kwani nyie huku kuku hamna? Akacheka peke yake, akapiga picha panya wakavu waliotundikwa kibandani kwa jirani.

– Nilikuwepo, Hansadi alisema. Ndiyo maana nikasimama mbele ya mtendaji nikatamka: hapa hakuna anayekula panya. Watu wa hapa wanakula kuku na mbaazi.

– Ulifanya vizuri sana, mzee, Setilaiti aliwahi kusema.

Lazima awahi. Mkewe Zuhra ni binti wa shehe, na Jumapili ile nilimwona kwa macho yangu anakula samaki nchanga huku anatazama njia.

– Tukikubali leo, akaendelea, kesho tuko kwenye kila simu Dar es Salaam. Wala panya wa Newala. Mwanangu akienda kusoma huko ataitwa hivyo mpaka amalize chuo.

– Wametucheka miaka yote, Mkemia alisema. Sasa wanakuja kutucheka na vipimo.

– Basi hatukula.

– Hatukula.

– Iingie hivyo kwenye kumbukumbu, Hansadi alisema.

Nikawamiminia kahawa. Uongo nikauacha upite. Niliona wana haki ya kukasirika, nami nilikuwa na hasira zaidi yao, na ile hasira ilikuwa nzuri, ilinifunika mambo ya nyumbani.

Ndipo akatoka kwenye foleni ya maji mwanamke mmoja, miaka thelathini hivi, sketi imekuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini, begi la kitambaa begani.

– Hodi benchini. Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama.

– Marahaba, mwanangu. Karibu.

Akakaa pale pale kwa Ambrosi. Wanaume wakatazamana, lakini ameshakaa.

– Naitwa Scholastika, natokea Mnyambe. Ni mhudumu wa afya wa kujitolea.

– Wa wale wenye fulana? Setilaiti akauliza.

– Fulana walinipa. Kubwa mno, nimewashonea watoto mto.

Setilaiti hakutaka kucheka, akacheka. Kisha akajikaza, akamweleza kila kitu: ndege, ramani, jamaa na chai yake. Mkemia akaongeza salfa. Hansadi akasoma tarehe ya damu. Scholastika alisikiliza yote, anapuliza kahawa yake, hakumkatiza mtu.

– Mzee, hiyo ya majibu ni kweli tupu, alisema. Mimi nilishika foleni hiyo hiyo kule kwetu. Na mimi nasubiri.

– Umeona! alisema Hansadi.

– Ila hao wageni msiseme wamejileta. Niliwaleta mimi. Wiki tatu zilizopita nilikuta panya kumi na mmoja wamekufa njiani kwenda shule, hawana jeraha. Nikapiga simu. Nikaambiwa ni salfa.

Mkemia akanyoosha mgongo.

– Pale hakuna mkorosho hata mmoja, kaka. Ni kiwanja cha mpira. Nikapiga tena, nikaambiwa fomu yangu ni ya magonjwa ya watu, ya wanyama ni ofisi nyingine. Nikapanda bodaboda mpaka ofisi nyingine. Wakaniuliza, ni mnyama wa kufugwa? Nikasema ni panya. Wakasema basi si wa kwetu. Nikapiga mara ya tano. Nikawaambia mimi nitapiga kila asubuhi mpaka aje mtu au mnibadilishie kazi, na kazi yenyewe hamnilipi. Ambrosi alipolazwa ndipo wakakumbuka kuna mwanamke anapiga simu. Wiki tatu nimegombana nao waje. Leo wamefika, nyie mnawaambia mnakula kuku.

Akaweka kikombe chini, akatoa daftari la shule na kalamu.

– Nina swali moja tu. Jumapili ile shambani kwa Ambrosi, mlikuwa wangapi?

Jamani. Wanaume waliojua kilichoandikwa ukutani ng'ambo, wanaojua damu imelala friji gani!

– Jumapili ipi? Setilaiti akauliza.

– Jumapili ziko nyingi, alisema Mkemia.

– Mzee, Scholastika akamgeukia Hansadi, wewe una tarehe ya mwaka juzi na dakika zake. Hii ni ya siku tisa zilizopita.

Hansadi akatazama ndani ya kikombe. Sijawahi kumwona mzee yule akikosa tarehe.

– Josephina amekataa kuwataja, Scholastika alisema. Amesema rafiki za mume wake watajitaja wenyewe. Ambrosi hawezi kusema tena vizuri. Mimi sitaki kujua nani kala nini kwa sababu ya dini yake au jina la Newala. Bado hatujui ni kitu gani. Inaweza kuwa homa ya mgunda, ile ya panya iliyowahi kutokea Ruangwa, inaweza kuwa kingine. Damu yake imepelekwa kupimwa. Ila daktari anasema vidonge vipo, na vinasaidia vikiwahi. Aliyekula, aliyeshika, aliyepasua, aanze leo. Ambrosi alichelewa.

– Alichelewa siku ngapi? Mkemia aliuliza kwa sauti ya chini.

– Tatu.

Mkemia aliinamisha kichwa, akabaki anatazama viatu vyake.

Mimi aliponena "aliyepasua", nilikuwa namimina. Kahawa ilikuwa inamwagika juu ya kikombe na mimi bado nainamisha birika. Nina ulimi, Newala nzima inaujua. Nimewasema madereva na watendaji. Asubuhi nzima ile nilikuwa nautumia kumsema kila mtu, na neno moja la mtoto wangu sikulitoa. Nilijiona mpumbavu, nilijichukia.

– Saba, nikasema.

– Mama Shamila! Setilaiti alisimama.

– Saba! Ambrosi na Josephina. Christopher. Mzee Anselmo. Wewe Suleimani. Mimi. Na Shamila.

– Unatuvua nguo mbele ya watu!

– Basi vaa, Suleimani, una muda! Mwanangu ana homa tangu alfajiri! Yeye ndiye aliyewapasua, kwa vidole vile, mnavijua vidole vya mwanangu, na mimi nimemwachia panado nikaja kuwamiminia kahawa msikilize habari za ndege! Kama kucheka wacheke mpaka mbavu ziwaume. Shamila hawakumzaa wao!

Foleni yote ya maji ilikuwa imegeuka. Nikawaangalia mmoja mmoja mpaka wakageukia madumu yao.

Setilaiti akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena.

– Niandike mimi, akamwambia Scholastika. Suleimani. Nilikula watatu. Andika wanne, mmoja nilikula nyuma ya mkorosho. Kwa baba mkwe nitakwenda mimi mwenyewe leo, kabla umbeya haujafika. Akinifukuza nitarudi kesho.

– Na wewe, kaka?

– Christopher. Nilikula. Na andika maziwa.

– Maziwa gani?

– Wewe andika tu. Andika kwamba Christopher ndiye aliyemwambia anywe maziwa. Siku tatu. Nitamweleza daktari.

Hansadi alisimama mwisho. Alifunga kifungo cha juu cha shati.

– Naiondoa kauli yangu ya jana mbele ya mtendaji. Nilikula. Sasa binti, chini ya jina langu andika na hili, kwa maneno yangu. Damu natoa. Majibu yaletwe hapa. Hapa benchini, kwa mdomo, kila mtu na jina lake, siyo tusikie redioni kwamba kuna watu fulani kusini. Na yule dereva aje asikilize. Wasipoleta kwa siku watakayosema, nitabeba kiti changu nikakae getini kwao, naandika tarehe na saa, mpaka wanizoee au wanijibu. Ya kwanza walinidhulumu. Hii hawanidhulumu.

– Nimeandika, mzee. Nitakuja kukaa na wewe.

– Uje na kiti chako.

Tukaondoka, kwanza kumchukua Shamila nyumbani, kisha hospitali. Birika nililiacha juu ya moto, sikugeuka. Tukakata katikati ya soko mchana kweupe, Scholastika mbele na daftari lake, mimi nyuma yake, wanaume wangu watatu kwa mstari. Mwenye duka la vitenge akauliza, kulikoni, msiba? Setilaiti akajibu kabla yetu, kwa ile sauti yake ya kutangaza:

– Tunakwenda kupimwa! Tulikula panya Mnyambe Jumapili ile! Na wewe kama ulinunua wa Mnyambe wiki hizi, au uliwashika, toka dukani uje!

Watu walicheka. Wachache waliacha kucheka. Mama mmoja muuza mbaazi alikunja mkeka wake akatufuata. Na pale kona ya stendi lilikuwa limesimama gari la wageni, na dereva wetu ndani, simu juu tayari. Nikaenda mpaka dirishani.

– Piga, nikamwambia. Piga vizuri, niingie na mimi. Panya tunawala, tumewala tangu mababu, na leo tunakwenda wenyewe kusema, hatukutafutwa na mtu. Peleka Dar hiyo. Ukimaliza uje utubebee mgonjwa, hilo gari limeletwa kwa ajili yetu, siyo kwa ajili ya picha.

Akaishusha simu. Akawasha gari, akanifuata polepole mpaka nyumbani, sina hakika kwa aibu au kwa kuogopa.

Shamila alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, amejifunika kanga mbili na joto lote lile, anatetemeka. Nilimwinua uso nikamtazama macho kwenye mwanga. Sikuona unjano. Au sikutaka kuuona, sijui. Aliwatazama wanaume mlangoni, akamtazama Scholastika na daftari, akaliona gari.

– Mama, kwani si malaria?

– Hatujajua, mwanangu. Huenda ni wale panya wa Jumapili. Wewe ndiye uliyewapasua. Twende, vidonge vipo.

Alivitazama vidole vyake, akavigeuza, upande huu na upande huu.

– Ulikuwa unajua tangu asubuhi?

Hansadi alitazama paa. Setilaiti na Mkemia walijifanya wanafungua mlango wa gari, na mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Hata Scholastika aliinamia begi lake. Nilipiga magoti nikamvalisha ndala, ya kulia, halafu ya kushoto, na bado alikuwa ananiangalia, anangoja.